Fimbo Nyepesi kwa Anayevua Ukingoni Matema na Mtera

Mtu wa Mbeya au Iringa anayenunua fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza humnunulia samaki anayemwota, si yule atakayempata. Muuzaji naye humsaidia kuota. Humtolea fimbo ya mita 3 na nusu, ngumu isiyopinda, na rili ya kujaa kiganja, kisha humhakikishia kwamba "hii inavuta hata sangara". Sangara Ziwa Nyasa hayupo, na bwawa la Mtera hayupo pia. Waliopo ni perege wa kutosha sahani, kambale wa kilo moja au mbili, na kwa mwenye bahati yake Matema, mbasa. Wote hao huvuliwa kwa kifaa chepesi. Ukiwafuata kwa kifaa kizito, wengi wao hutajua hata kama walikuja kuonja chambo wakaondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia upande ambao wauzaji hawauanzii, yaani kwenye ndoano. Ukishajua ndoano utajua uzito wa kutupa, uzito utakupa uzi, uzi utakupa fimbo, na fimbo itakupa rili. Ukianza na fimbo kwa sababu imekupendeza rangi, vingine vyote utalazimika kuvipindisha viifuate yenyewe.

Sababu yenyewe si ngumu. Fimbo hurusha chambo kwa kupinda na kujirudi, na kinachoipinda ni uzito ulioning'inia kwenye ncha. Fimbo iliyotengenezwa kurusha gramu 100 ukiifungia gramu 10 haitasikia kitu. Itabaki imenyooka na chambo kitaanguka hatua chache mbele ya miguu yako. Hapo ndipo watu huongeza risasi, na risasi ikishakuwa nzito perege akichukua minyoo anakutana na mzigo, anatema. Mvuvi anarudi nyumbani akisema leo hakuna samaki.

Perege ana mdomo mdogo na tabia ya kuonja kabla ya kumeza. Anataka ndoano ndogo, namba 8 au 10 (kumbuka kwamba kwenye saizi hizi namba ikipanda ndoano inapungua), minyoo au donge la ugali, kiboya chepesi, na risasi ya kutosha tu kukisimamisha kiboya. Kambale ana mdomo mpana na hachagui sana. Utumbo wa kuku kwenye ndoano namba 2 au 4 unamtosha, na risasi ya gramu 15 au 20 inakilaza chambo chini anakotafutia chakula chake. Mbasa ni mkimbizaji. Anawafukuza usipa karibu na uso wa maji, hivyo huvutwa na kijiko cha kung'aa cha gramu 7 hadi 15 kinachotupwa na kurudishwa haraka. Ukiwaweka pamoja utaona kwamba kila unachohitaji kutupa kiko kati ya gramu 5 na 25. Kama huna mizani ndogo, kizibo cha chupa ya soda kina gramu 2 hivi. Pima kwa hicho.

Sasa ishike fimbo dukani na usome maandishi yaliyo juu kidogo ya mshiko. Fimbo ya maana huandikwa urefu wake na uzito inaoweza kurusha, kwa mfano gramu 5–20 au 7–28, na pengine nguvu ya uzi unaoifaa. Ukikuta 80–150, irudishe bila mjadala. Ukikuta haikuandikwa chochote zaidi ya jina kubwa na picha ya samaki anayeruka, jua mtengenezaji mwenyewe hakujali.

Swali la urefu linategemea unasimama wapi, na hapa Matema na Mtera hazifanani.

Matema ni ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Ufukwe wa mchanga unateremka vizuri kuelekea majini, lakini ukienda mashariki, njia ya kwenda Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi, mchanga unaisha na Milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja. Hapo kwenye miamba maji huwa na kina karibu na miguu yako, na samaki wengi wadogo hukaa palepale kwenye mawe. Huna haja ya kutupa mbali; fimbo ya mita 2 na sentimita 10 inakutosha na inakupa wepesi wa kuzunguka mawe. Kwenye mchanga mambo ni tofauti. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unavuma kwa urefu wote wa ziwa, na mawimbi yake yote yanakuja kuvunjikia Matema. Uzi unaokaa chini ya mawimbi husukumwa na kulegea, na hutahisi samaki akigusa. Fimbo ya mita 2 na sentimita 40, au 2 na 70, inauinua uzi juu ya mawimbi na kukupa mita za ziada za kutupa. Ndiyo maana mtu anayetaka fimbo moja tu ya kufanya kila kazi namwambia achukue ya mita 2 na 40.

Usitafute urefu huo kwa kuingia majini. Mdomoni mwa Lufilyo na mito mingine ya Kyela kuna mamba, na kichocho kipo kando ya ziwa hili. Anayevulia ukingoni abaki ukingoni.

Mtera ni jambo jingine kabisa. Bwawa hili, kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma, lilijengwa ili kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu kilichoko chini yake, na baadaye likapata mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Mvuvi hana budi kuyajua hayo kwa sababu maji ya bwawa la umeme hayatulii. Ukingo unaousimamia leo, baada ya miezi michache unaweza kuwa tope kavu, na maji yako mbali kule. Isitoshe, bonde lilipofunikwa na maji miti haikuondoka. Visiki vyake bado vinasimama, vingine unaviona, vingine unavigundua ndoano ikishanasa. Perege anavipenda visiki hivyo, na huko ndiko utakakotaka kutupa.

Kwa Mtera, basi, fimbo iwe na uti. Ncha laini ya kuonyesha perege anapogusa, lakini kuanzia katikati kushuka chini iwe na nguvu ya kumgeuza samaki kabla hajazungusha uzi kwenye kisiki. Ile ya gramu 7–28 inafaa zaidi kuliko ya 5–20. Ijaribu dukani: iunganishe, mwombe mtu ashike ncha na kuivuta taratibu, uangalie inavyopinda. Ikipinda ncha tu na sehemu nyingine ikabaki kama mpini wa jembe, haitamchosha samaki. Ikipinda yote mpaka kwenye mshiko, haitaweza kumgeuza. Unatafuta ile inayopinda theluthi ya juu kwanza, kisha ikakataa kidogo kidogo. Na viboko wa Mtera usiwasahau. Jioni wanatoka majini kwenda kula majani, na njia yao si pa kukunjua kiti.

Kuhusu kitu kilichotumika kuitengeneza fimbo, madukani utakutana na fimbo za nyuzi za kioo na za kaboni. Ya kioo ni nzito zaidi na inachelewa kujirudi, lakini inavumilia kukanyagwa, kuegemezwa kwenye bodaboda na kuazimwa na shemeji. Ya kaboni ni nyepesi na inakuletea mkononi hata mguso mdogo, ila ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usioonekana, na siku moja inakatika bila onyo. Kwa fimbo ya kwanza nachagua iliyochanganywa zote mbili. Lakini kaboni ina tatizo jingine ambalo kwa mikoa yetu si dogo: inapitisha umeme. Kyela na Rungwe ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na mvua ya huko haiji kimya. Mtu aliyesimama ufukweni mtupu, ameinua fimbo ya kaboni ya mita 2 na nusu, ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo. Radi ya kwanza ikisikika kwa mbali, laza fimbo chini uondoke ufukweni, na usikimbilie chini ya mwembe. Ukitembea nayo kijijini, angalia pia nyaya za umeme zilizo juu.

Kuna watakaoniuliza kuhusu mwanzi. Iringa ni nchi ya mianzi. Ileile inayogemwa ulanzi masika imewavusha wavuvi wengi kabla ya fimbo za dukani kuja. Mwanzi mwembamba uliokatwa umekomaa, ukakaushwa kivulini ukiwa umening'inizwa, ni fimbo nzuri ya kuvulia bila rili kwenye bwawa la samaki au kwenye kijito. Uzi hufungwa kwenye ncha, kiboya kinawekwa, perege anainuliwa. Kumfundisha mtoto sioni kilicho bora kuliko hicho. Ila mwanzi hautupi mbali, na Mtera kutupa ndiyo kazi yenyewe.

Rili sasa. Hapa ndipo ningekushauri upeleke pesa yako ikiwa ni ya kubana. Fimbo ya bei nafuu inavua. Rili mbovu inakera saa zote, na kisha inavunjika. Kwa fimbo tuliyoichagua unataka rili ya aina ya bobini isiyozunguka, yenye upinde wa waya unaofunguliwa wakati wa kutupa, saizi 2000 au 2500. Saizi hiyo hubeba takribani mita 150 za uzi wa milimita 0.25, na uzito wake wa gramu 250 hadi 300 unalingana na fimbo nyepesi. Ifunge rili kwenye fimbo, weka kidole chini ya mshiko mbele kidogo ya rili, uone: fimbo ikikaa bila kuangukia upande wowote, mkono hautakuuma saa sita za mchana.

Usitishwe na hesabu ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Rili yenye beringi 3 au 4 nzuri hushinda yenye 13 za bati. Fanya majaribio haya badala yake. Shika mkono wa kuzungushia uutikise. Ukicheza cheza sana, meno ya ndani yameshalegea kabla hujaanza kazi. Zungusha taratibu huku sikio likiwa karibu, usisikie kukwaruza. Funga upinde kwa mkono mara kadhaa, usisite. Angalia kile kiroda kidogo uzi unapopitia ukingoni mwa upinde: lazima kizunguke chenyewe, kwa sababu kikikwama, uzi husagika mahali pamoja na kukatika siku samaki mzuri amekuja. Halafu breki. Fungua kile kizibo cha mbele ya bobini nusu, funga uzi, vuta kwa mkono. Uzi utoke kwa ulaini, bila kushtuka-shtuka. Breki inayokwama kwanza kisha ikaachia ghafla haifai kwa uzi mwembamba, na uzi mwembamba ndio utakaoutumia.

Breki yenyewe ikazwe kiasi gani? Chukua robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi wako. Kama uzi ni wa kilo 4, breki iachie uzi inapovutwa kwa nguvu ya kilo 1 au kupita kidogo. Pima nyumbani: jaza maji lita 1 kwenye mfuko, uning'inize kwenye uzi fimbo ikiwa imeinamishwa kidogo, ukaze breki mpaka mfuko unaanza tu kushuka polepole. Ukiwa ufukweni usiikaze tena kwa hofu. Kazi ya breki ni kumwacha samaki akimbie achoke, na watu wengi humpoteza mbasa kwa sababu hawakutaka kumpa hata mita 5.

Uzi nautaja kwa ufupi kwa sababu hauhitaji maneno mengi: nailoni ya kawaida, milimita 0.22 kwa perege wa Matema na 0.25 au 0.28 kwa Mtera. Nunua mpya, iliyofungwa, na usichukue ile iliyokaa kwenye dirisha la duka ikipigwa jua. Nailoni huzeeka kwa jua na haitakuonyesha. Uzi wa kusuka ni mwembamba na hauvutiki, lakini mawe ya Livingstone yanaukata mara moja, na bei yake inaumiza. Jaza bobini mpaka ibaki milimita 2 kufika ukingo. Ikiwa pungufu hutatupa mbali, ikizidi uzi utatoka mafungu mafungu. Na uloweshe fundo kwa mate kabla hujalikaza, kwani nailoni kavu ikisuguana inaungua na kupoteza nguvu palepale.

Kitu kimoja wanunuzi hukisahau ni pete za fimbo. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata uzi kama wembe. Hesabu pia pete zenyewe. Fimbo ya mita 2 na 40 yenye pete 4 tu haisambazi mzigo vizuri. Tafuta yenye 6 au 7.

Halafu utaisafirishaje? Kutoka Uyole kushuka Tukuyu hadi Kyela, kisha Ipinda mpaka Matema, utapanda Coaster, pengine bodaboda kipande cha mwisho. Fimbo ya vipande 2 ya mita 2 na 40 ina urefu wa mita 1 na 20 ikiwa imekunjwa, na konda atataka iingie buti, chini ya magunia ya mchele au mikungu ya ndizi. Usikubali. Kata bomba la plastiki la maji, ziba ncha zote mbili kwa kitambaa na kifuniko, uitumbukize humo na kuishika mwenyewe katikati ya magoti. Fimbo za kujikunja kama darubini ni rahisi kubeba, na ndizo zilizojaa madukani kwetu, lakini kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia, na mchanga ukiingia kwenye viungo vile zitakutoa jasho kuzifunga. Ukilazimika kununua ya aina hiyo, ifute kwa kitambaa kibichi kabla ya kuikunja, kuanzia kipande cha chini kwenda juu, usiisukume kwa ncha.

Mufindi, kwenye vijito vya baridi katikati ya mashamba ya chai, kuna trauti walioletwa na Waingereza enzi za ukoloni. Fimbo hii ikiwa na kijiko cha gramu 5 inaweza kuwavua, ila vijito vingi vinapita kwenye maeneo ya wenyewe na ruhusa inatangulia. Ruhusa ni muhimu kwingine pia. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 haimwachi mtu wa fimbo nje kwa sababu tu hana nyavu. Kabla ya safari pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri husika, uulize leseni na maeneo yaliyofungwa. Ukifika kijijini jitambulishe kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambao mara nyingi watakuambia na mahali perege wanaposhinda. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha usitoe fimbo kwenye bomba lake. Na mbasa anayepanda mto wakati wa mvua anakwenda kutaga. Wavuvi wa midomo ya mito wamekwisha kumpunguza vya kutosha, kwa hiyo huyo mrudishe majini.

Mwenye ndugu pwani atataka kujua kama fimbo hiihii inamfaa akienda Bagamoyo au Kigamboni. Inamfaa, hasa kwa gayogayo, yule samaki bapa anayelala mchangani macho yote mawili yakiwa upande mmoja. Hakai mbali, maji yakianza kujaa husogea kwenye kina kifupi juu ya mchanga. Weka risasi ya gramu 20 au 25, isizidi uwezo ulioandikwa kwenye fimbo, kisha acha uzi wa sentimita 50 baada ya risasi, ndoano namba 4 na kipande cha kamba au pweza. Tupa, subiri risasi iguse chini, halafu iburute polepole sana juu ya mchanga, simama, buruta tena. Gayogayo hufuata kile kinachotimua vumbi la mchanga, na hushika kwa utulivu kiasi cha kudhani umenasa jani. Usimkurupue, hesabu mpaka tatu, kisha inua fimbo. Ukirudi, loanisha rili kwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa mkono, usiipige bomba la nguvu kwa sababu litasukuma chumvi ndani. Legeza breki kabla ya kuiweka, ikauke kivulini, na utie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiroda na kwenye mhimili wa mkono. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam kurudi Iringa inatosha kabisa kwa chumvi kuanza kuila.